Dawa Nyekundu na Moyo wa Mgonjwa

Katika miaka ya 1950 wanasayansi wa kampuni ya Farmitalia ya Milano walikuwa wakipekua udongo. Streptomaisini, dawa iliyofungua njia ya kutibu kifua kikuu, ilikuwa imetokana na bakteria wa ardhini, na tangu hapo maabara nyingi duniani zikawa zinachota udongo mashambani na misituni zikitafuta dawa nyingine. Udongo mmoja ulitoka karibu na Castel del Monte, ngome ya karne ya 13 yenye pembe nane, kusini mwa Italia. Ndani yake alipatikana bakteria anayetoa rangi nyekundu iliyokoza, akapewa jina Streptomyces peucetius. Rangi hiyo ilipojaribiwa kwa panya wenye uvimbe wa saratani, uvimbe ulisinyaa. Watafiti wa kampuni ya Rhône-Poulenc nchini Ufaransa nao walikuwa wamekifikia kitu kilekile kwa njia yao. Hiyo ndiyo daunorubisini.

Ilipoanza kutolewa kwa watoto wenye saratani ya damu katika miaka ya 1960, iliwapa madaktari matumaini ambayo hawakuwa nayo kabla. Damu iliyojaa seli mbovu ilisafika. Kisha baadhi ya watoto hao, saratani ikiwa imerudi nyuma, wakaanza kuhema, wakavimba miguu, wakafa. Kufikia 1967 jambo lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye majarida ya tiba: dawa hii inaweza kuua moyo.

Farmitalia hawakuitupa. Federico Arcamone na wenzake walimbadilisha bakteria yule kimaumbile, wakapata dawa ndugu, doksorubisini, waliyoitangaza mwaka 1969 na ambayo iliuzwa kwa jina la Adriamycin. Hii ilifanya kazi dhidi ya saratani nyingi zaidi: ya matiti, ya tezi, ya mifupa na ya misuli. Marekani iliidhinisha matumizi yake mwaka 1974. Leo iko katika hospitali za saratani kote duniani, zikiwemo za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na wauguzi huwaambia wagonjwa mapema wasishtuke wakiona mkojo umekuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Ni rangi ya dawa tu, na inapita.

Madhara kwa moyo hayakupita. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya zaidi ya nusu karne ya kujaribu kuuona moyo ukiumia kabla haujashindwa, ili dawa inayoponya iendelee kutolewa bila kumwua anayeponywa.

Jibu la kwanza lilikuwa hesabu. Mwaka 1973 madaktari wa Houston, Texas, wakiongozwa na E. A. Lefrak, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 399 waliopewa Adriamycin. Wagonjwa 11 kati yao walikuwa wamepata ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu. Wachambuzi waliona kwamba hatari inapanda ghafla mgonjwa anapopindukia jumla ya miligramu 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili, basi hiyo ikawa mipaka. Miaka sita baadaye Daniel Von Hoff na wenzake walipitia majalada ya wagonjwa zaidi ya 4,000 na kuchora mstari wa hatari unaopanda: takribani asilimia 3 ya wagonjwa kwenye miligramu 400, asilimia 7 kwenye 550, asilimia 18 kwenye 700. Hata hesabu hiyo ilikuja kuonekana kuwa ya upole mno. Sandra Swain alipokusanya majaribio matatu mwaka 2003, akakuta kwamba kwenye miligramu 550 waliougua moyo ni karibu asilimia 26.

Mipaka hiyo iliokoa watu, lakini ilikuwa na dosari ambayo kila daktari wa wodini aliiona. Inazungumzia wagonjwa kwa wingi wao, wakati anayelala kitandani ni mmoja. Yupo ambaye moyo wake unachoka kwenye miligramu 300, pengine kwa sababu ana shinikizo la damu, au ni mtoto mdogo, au ni mzee, au kifua chake kiliwahi kupigwa mionzi. Na yupo mwingine anayesimamishiwa dawa kwenye 550 ilhali moyo wake ni mzima na saratani bado inatishia roho yake. Kumjua huyu na yule kulihitaji kuuangalia moyo wenyewe, na vifaa vya wakati ule vilikuwa hafifu. Picha ya eksirei ya kifua huonyesha moyo uliotanuka, lakini ukishatanuka hivyo madhara yamekwisha kutokea. Kipimo cha umeme wa moyo hubadilika kwa sababu nyingi ambazo nyingine hazina uzito.

Mtu aliyeingia ndani kabisa ya msuli alikuwa mwanamke aliyezaliwa Tanga. Margaret Billingham alizaliwa katika mji huo wa pwani mwaka 1930, akasoma shule Kenya na udaktari London, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Stanford, California, akawa bingwa wa patholojia ya moyo. Stanford walikuwa wakipandikiza mioyo, na ili kujua kama mwili unaukataa moyo mpya walipitisha waya mrefu wenye taya ndogo kwenye mshipa wa shingo hadi ndani ya moyo, wakanyofoa vipande vya msuli vya milimita moja au mbili. Billingham ndiye aliyevisoma vipande hivyo chini ya hadubini, na vigezo alivyoviweka vya kupima moyo uliokataliwa hubeba jina lake hadi leo.

Yeye na wenzake, Michael Bristow na Jay Mason miongoni mwao, wakaitumia njia hiyohiyo kwa wagonjwa wa doksorubisini. Walichokiona, na wakakichapisha mwaka 1978, kilibadili mazungumzo yote. Karibu kila mgonjwa aliyepata zaidi ya miligramu 240 alikuwa na seli za moyo zilizoharibika: nyuzi za msuli zimepotea, mashimo yamejaa ndani ya seli. Wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Walipanda ngazi, walifanya kazi, walilala vizuri. Uharibifu ulikuwa umeanza mbali sana chini ya mipaka ya 550, ukanyamaza.

Unanyamaza kwa sababu moyo una akiba. Seli zilizobaki hufanya kazi ya zilizokufa, kama wapiga kasia wanaokaza mikono wenzao wakianguka, na mtumbwi unaendelea kwenda kwa kasi ileile hadi pale nguvu zinapowaishia wote kwa pamoja. Anayeutazama mtumbwi kutoka ufukweni hajui lolote.

Biopsia ya Billingham ilikuwa sahihi, lakini nani atakubali kunyofolewa nyama ya moyo kila baada ya dozi mbili? Ilihitajika njia ya kuutazama moyo mara kwa mara bila kuuchoma. Ilipatikana kwenye elementi ya mionzi. Teknetiamu-99m hutoa mionzi ya gama na kupungua kwa nusu kila saa sita, kwa hiyo mwili unaachana nayo haraka. Ikifungwa kwenye chembe nyekundu za damu, kamera inaweza kuiona damu ikijaa na kutoka katika chumba cha kushoto cha moyo. Kompyuta huunganishwa na kipimo cha umeme wa moyo, hukusanya mamia ya mapigo na kuyapanga moja juu ya jingine, kisha hutoa namba moja: ni asilimia ngapi ya damu iliyomo chumbani inayosukumwa nje kwa kila pigo. Kwa moyo mzima ni zaidi ya nusu. Madaktari huiita EF.

Katika Chuo Kikuu cha Yale, kundi lililomjumuisha Barry Zaret liliwafuatilia wagonjwa 55 kwa picha za teknetiamu na kuchapisha matokeo mwaka 1979. Watano walikuja kushindwa moyo. Wote watano, kabla ya kuugua, EF yao ilikuwa imeshuka kwa angalau pointi 15 na kufika 45 au chini yake. Onyo lilikuwepo, na lilionekana kwenye picha kabla mgonjwa hajahema. Ripoti ya pili ya Yale, ya mwaka 1987, ndiyo inayogusa zaidi. Miongoni mwa wagonjwa karibu 1,500 waliopimwa kwa miaka saba, watafiti waliwatenga 282 waliokuwa katika hatari kubwa, wakatazama ni wangapi ambao madaktari wao waliifuata picha, yaani walisimamisha dawa EF iliposhuka. Ilipofuatwa, walioshindwa moyo hawakufika asilimia 3. Isipofuatwa, walizidi asilimia 20. Mashine ni ileile na dawa ni ileile. Kilichotofautiana ni kama kuna mtu aliyelisoma jibu akachukua hatua.

Picha za teknetiamu zilitawala kwa miaka mingi kwa sababu namba zake ni imara: ukimpima mtu leo na wiki ijayo unapata karibu jibu lilelile. Lakini kila kipimo ni mionzi, na mgonjwa wa saratani ana mionzi ya kutosha tayari. Kipimo kilichokuja kuchukua nafasi hiyo kilikuwa kimezaliwa Sweden zamani kidogo. Huko Lund, daktari wa moyo Inge Edler alitaka kujua vali za wagonjwa wake zimeharibika kiasi gani kabla ya kuwapeleka kwa mpasuaji. Akamwendea mwanafizikia kijana, Carl Hellmuth Hertz, aliyejua kwamba viwandani watu hutumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Waliazima mashine ya aina hiyo, wakaielekeza kifuani, na Oktoba 1953 wakarekodi moyo wa binadamu ukijongea kwa mwangwi wa sauti. Kipimo cha eko kilizaliwa hapo. Kufikia miaka ya 1980 kilikuwa kinaonyesha vyumba vya moyo vikifunguka na kujifunga mbele ya macho ya daktari, bila mionzi na kwa gharama ndogo. Ndicho ambacho wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wamewahi kukutana nacho: jeli ya baridi kifuani, chumba chenye giza, na moyo wao wenyewe kwenye kioo.

Kisha ikaja Herceptin, na hadithi ikageuka.

Katika takribani mwanamke mmoja kati ya watano wenye saratani ya matiti, seli za uvimbe zina wingi uliopindukia wa protini iitwayo HER2, na saratani hiyo ilikuwa kali kuliko nyingine. Dennis Slamon wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alipigania kwa miaka mingi wazo la kuiziba protini hiyo kwa kingamwili iliyotengenezwa maabara. Dawa ikaitwa trastuzumabu, jina la kibiashara Herceptin, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1998. Jaribio lake kubwa, la wanawake 469, lilichapishwa mwaka 2001 na kuonyesha kwamba wagonjwa walioongezewa dawa hiyo waliishi muda mrefu zaidi. Ndani ya jaribio hilohilo kulikuwa na habari ambayo hakuna aliyeitarajia. Kati ya waliopewa dawa za jamii ya doksorubisini bila Herceptin, asilimia 8 walipata matatizo ya moyo. Kati ya waliochanganyiwa na Herceptin, walikuwa asilimia 27.

Baadaye sababu ilijulikana. HER2 haiko kwenye saratani tu. Seli za moyo nazo huitumia kujikarabati zinapopata shida, na panya walioondolewa protini hiyo moyoni mwaka 2002 walizaliwa vizuri kisha mioyo yao ikatanuka. Mwanamke aliyepewa dawa nyekundu moyo wake unajeruhiwa, na papo hapo Herceptin inamnyang'anya njia ya kupona jeraha hilo.

Zamani habari kama hiyo ingeweza kuizika dawa. Haikuizika, na sifa hiyo inawaendea pia watu wa picha. Majaribio makubwa yaliyofuata, likiwemo HERA lililohusisha nchi nyingi, yalipangwa upya: Herceptin isitolewe sambamba na doksorubisini bali baada yake, na kila mwanamke apimwe EF kabla ya kuanza na mara kwa mara akiwa kwenye dawa. Ikishuka, dawa inasitishwa. Katika HERA walioshindwa moyo vibaya hawakufika asilimia 1. Michael Ewer wa Houston aliongeza jambo la faraja mwaka 2005: katika wagonjwa 38 aliowafuatilia, EF iliyokuwa 61 na kushuka hadi 43 kwa wastani ilirudi hadi 56 baada ya Herceptin kusitishwa. Jeraha la dawa hii, tofauti na lile la dawa nyekundu, mara nyingi linapona. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza trastuzumabu katika orodha ya dawa muhimu.

Je, la dawa nyekundu haliponi kabisa? Kwa miaka 30 vitabu vilisema hivyo. Daniela Cardinale, daktari wa moyo katika Taasisi ya Saratani ya Ulaya mjini Milano, hakuridhika. Aliwapima wagonjwa kwa eko kila baada ya miezi michache, na EF iliposhuka aliwaanzishia vidonge vya kawaida vya moyo, enalapril na carvedilol, ambavyo hata duka la dawa la mtaani linaweza kuwa navyo. Mwaka 2010 alitangaza matokeo ya wagonjwa 201. Kati ya waliotibiwa ndani ya miezi miwili baada ya kumaliza kemo, asilimia 64 mioyo yao ilirudi kuwa mizima. Waliocheleweshwa zaidi ya miezi sita, hakuna hata mmoja aliyepona kikamilifu. Miaka mitano baadaye, katika wagonjwa 2,625, akaonyesha kwamba asilimia 98 ya matatizo yalijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza. Waliowahi kusema kwamba moyo huo hauponi walikuwa wakiutazama ukiwa umechelewa.

Baada ya hapo mbio zikawa za kuwahi zaidi. EF ina udhaifu: hushuka akiba ya moyo ikishatumika, na eko ya kawaida inaweza kutofautiana kwa karibu pointi 10 bila moyo wenyewe kubadilika. Daktari anayeona 58 leo na 51 miezi mitatu baadaye hajui kama ameona ugonjwa au mkono wa mpimaji. Kuanzia miaka ya 2000 programu za kompyuta zilianza kufuatilia madoadoa ya kijivu yaliyomo kwenye picha ya eko, doa kwa doa, na kupima msuli unajifupisha kiasi gani kutoka juu hadi chini kila unapopiga. Kipimo hiki, GLS, hushuka kabla ya EF.

Kuwahi kuona ni jambo moja, kumfaidi mgonjwa ni jingine, na watafiti wa jaribio la SUCCOUR, Thomas Marwick wa Australia na Paaladinesh Thavendiranathan wa Toronto wakiwa miongoni mwao, walikuwa na uaminifu wa kulijaribu hilo. Wagonjwa 331 waligawanywa: kundi moja lianzishiwe dawa za moyo GLS ikishuka, jingine lisubiri EF. Baada ya mwaka mmoja waliopata udhaifu wa moyo ni asilimia 5.8 upande wa GLS na 13.7 upande wa EF. Lakini lengo kuu la jaribio, tofauti ya mabadiliko ya EF kwa wastani wa makundi mazima, halikufikiwa, na baada ya miaka mitatu makundi yalikuwa sawa. Wagonjwa wachache walinusurika na mshuko. Kwa wengi haikuleta tofauti.

MRI ilileta usahihi ambao eko haiufikii. Katika hospitali ya watoto ya St. Jude, Memphis, watu wazima 114 waliopona saratani utotoni walipimwa kwa njia zote mbili, na matokeo yakatoka mwaka 2012. Eko ilikuwa ikiyapamba majibu kwa wastani wa pointi 5 hivi. MRI ilionyesha kwamba asilimia 14 EF yao ilikuwa chini ya 50, na wengi wao hawakuwa wakijua. Ni watu waliopambana na saratani wakiwa shule ya msingi, wakashinda, wakakua, wakaoa na kuzaa, wakibeba moyo uliochoka kimyakimya.

Lakini MRI nayo ina kikomo, na kizazi kipya cha dawa kimekionyesha. Mwaka 2016 Douglas Johnson na Javid Moslehi wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walieleza habari za wagonjwa wawili wenye saratani ya ngozi waliopewa dawa mbili za kuamsha kinga ya mwili. Kinga iliyoamshwa ikaushambulia moyo, na wote wawili wakafa. Tatizo hili ni nadra, lakini likitokea huua haraka. Katika uchunguzi wa wagonjwa 103 wa aina hiyo uliotolewa mwaka 2020, makovu ambayo MRI huyatafuta yalionekana kwa chini ya nusu yao, na kuna wengine ambao EF yao ni ya kawaida kabisa moyo ukiwa unawaka moto. Kwa hao daktari asiitegemee picha peke yake. Anapima kwenye damu troponini, protini inayoashiria kwamba moyo umeumia, na shaka ikibaki anarudi kwenye biopsia, njia aliyoifanyia kazi Billingham.

Agosti 2022 Jumuiya ya Magonjwa ya Moyo ya Ulaya ilitoa mwongozo wake wa kwanza kamili kuhusu moyo na saratani, kazi iliyoongozwa na Alexander Lyon wa London. Mwongozo huo unataka kila anayeanza dawa za jamii ya doksorubisini apigwe eko kabla ya dozi ya kwanza, na tena ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza. Anayepewa trastuzumabu apimwe kabla, kisha kila baada ya miezi mitatu akiwa kwenye dawa. Hakuna kati ya hayo linalohitaji MRI. Dar es Salaam ina Taasisi ya Saratani ya Ocean Road na, tangu 2015, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, zote katika jiji moja. Anayetoka mikoani kwa basi kuja kumaliza kemo na kurudi kwao hukabiliwa na swali gumu zaidi: ile eko ya mwaka wa kwanza baada ya tiba, wakati nywele zimeota, hamu ya kula imerudi na familia inashukuru Mungu kwa uponyaji, atapigiwa wapi, na nani atamkumbusha kwamba siku yake imefika?